Mzazi Asishtuliwe

Dilfuza Ergasheva anashusha sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, hadi iguse seli moja ya moyo wa sungura. Kila anapoipa umeme kidogo, seli inajikunja, na kwenye skrini pigo linachora kilima chenye mkia.

"Sasa ina homoni ya ujauzito," anasema kwa sauti ya chini. "Tazama mkia ulivyo mfupi. Ngoja niioshe."

Anafungulia maji ya chumvi. Taratibu, mkia unaanza kurefuka. Moyo wenye mkia mrefu unachelewa kutulia kabla ya pigo linalofuata, na mshtuko ukiukuta hapo katikati, unaweza kupotea njia na kusimama.

"Ndivyo inavyomtokea mzazi. Akishajifungua, homoni inashuka ghafla. Wengi hawadhuriki. Aliyerithi mkia mrefu, huo ndio wakati wake wa hatari."

Mtafiti huyu wa Samarkand, mwenye miaka hamsini na mitatu, alianza kuutafuta mkia huo baada ya kumzika mdogo wake, Munavvar. Alifariki siku ya kumlaza mtoto wake kwenye kitanda cha kubembea kwa mara ya kwanza. Tarumbeta za shaba, ndefu kuliko mtu, zikapulizwa langoni. Munavvar alikuwa amempakata binti yake. Aliinamisha kichwa, wakadhani anamnusa mtoto.

"Watu walisema ni kijicho," anasema Dilfuza. "Hata mimi nilisema."

Binti yule, Sevara, amejifungua mtoto wa kiume wiki iliyopita. Kipimo cha hospitali kimeonyesha mkia uleule, akapewa vidonge vya kuutuliza moyo. Lakini yuko ndani ya arobaini, na mama mkwe wake, Hosiyat, haruhusu mgeni avuke kizingiti.

Jana alasiri Dilfuza alisimama mlangoni kwa Hosiyat, mashine ndogo ya kupimia moyo ikining'inia begani.

"Dada, vidonge anameza?"

"Vipo juu ya kabati. Vitaharibu maziwa."

"Haviharibu. Aliyemwandikia anajua ananyonyesha."

"We daktari wa sungura, maziwa ya watu umeyajulia wapi?"

"Na tarumbeta?"

"Zinakuja kesho kutwa. Mjukuu wangu halazwi kimya kimya kama mtoto wa kuokota."

"Zilipigwa hivyohivyo kwa mama yake Sevara, dada."

Sauti ya Sevara ikatoka ndani: "Mama mkubwa, ni wewe? Zabibu zangu ziko wapi?"

"Nimekuletea, mwanangu."

Hosiyat akapokea zabibu. Kisha akaufunga mlango, huku ameuzuia kwa kiganja usigonge.

Dilfuza ameufikiria mkono ule tangu jana. Hajui kama vidonge vimeshushwa kabatini. Anatamani siku moja kila mzazi apimwe moyo nyumbani kwake, kabla wageni hawajaanza kuja. Kwa sasa anamtaka huyu mmoja tu.

Kwenye skrini kilima kinapinda, kisha kinakuwa mstari. Seli imekufa kabla homoni haijaisha kuoshwa, na kipimo cha leo hakifai. Anaitoa sindano, anafunika darubini.

"Kesho nitaanza na nyingine," anasema. "Ila kwanza nitapita kwa Hosiyat, kabla wapiga tarumbeta hawajafika."

Anaiweka mashine begani.

"Nitabisha hodi polepole."