Meza ya Hilary Chini ya Nguzo

Hilary Tranter amechoka. Kila Jumamosi namwambia apumzike, naye hunijibu, "Kapumzike wewe, mimi nina mayai ya kuuza." Haya. Tumesimama bega kwa bega sokoni Wexcombe tangu tukiwa wasichana, mimi na jibini yangu, yeye na mayai na asali. Meza yake iko chini ya paa la nguzo za mawe, mvua haimfikii. Mimi niko pembeni, chini ya turubai, nalowa.

Meza ile ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ya bibi yake. Sheria ya soko letu haina huruma: kengele ya kanisa ya saa mbili asubuhi ikimaliza kulia kabla hujatandika kitambaa chako, meza anapewa mwingine siku hiyo. Ukikosa Jumamosi tatu mfululizo, imekwenda moja kwa moja, na wanao waisahau. Dean Pocock, muuza makava ya simu, aliikodolea macho meza ile kama paka kaona samaki.

Msimu huu wa baridi Hilary akaanza kukosa. Mumewe, Clive, amepooza tangu wakati wa mavuno. Amwoshe, amlishe, kisha kuku, kisha ateremke na gari bovu kwenye ile njia ya matope kutoka shambani kwao mlimani. Nani asingechoka? Jumamosi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu kengele ikaanza kulia, Hilary haonekani, na Dean keshashusha masanduku yake.

"Leo ni leo, Glenys," akanicheka.

"Funga domo lako!" Nikachukua kitambaa changu cha akiba, nikakitandika juu ya meza ya Hilary.

"Hicho si chake! Jamani, si mnaona?"

Hakuna aliyeona. Msimamizi wa soko mwenyewe alikuwa akifunga kamba za viatu. Brenda wa samaki akapenga kamasi.

Hilary akafika baadaye, buti zimejaa tope. Nilingoja shukrani, nasema kweli. Akakitazama kitambaa, akaketi juu ya kreti, akalia.

"Shoga, meza nimekuokolea!"

"Nani alikutuma?" akasema. "Niliamka mapema, Glenys. Nilikuwa garini nyuma ya kanisa, nangoja kengele iishe. Kuirudisha meza kwa msimamizi kwa mkono wangu siwezi, mama yangu angegeuka kaburini. Nilitaka ninyang'anywe tu. Sasa kwa sababu yako nianze upya, Jumamosi tatu nyingine."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Mtu unamtendea wema, anakufokea! Yeye akajifuta uso, akapanga mayai yake, akauza siku nzima kanipa mgongo. Miaka mingi nimesimama karibu naye, sikuwahi kumuuliza kama anaipenda meza ile.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Ya tatu mvua ilikuwa ya kumwaga, na kengele ikaanza.

"Glenys, kitambaa!" Brenda akanifinya. "Wewe vipi?"

"Mikono yangu ina jibini," nikasema. Ilikuwa mikavu kabisa. Kengele ikanyamaza. Dean akapanga makava yake, na moyo wangu uliniuma kama nimefiwa.

Asubuhi ilipokuwa imesonga, Hilary akaja kwa miguu, bila aproni, na kikapu kidogo mkononi. Clive alikuwa amemwacha na jirani. Upande wa meza ya Dean hakutazama. Akasimama mbele yangu, upande wa wateja, ambako hakuwahi kusimama tangu azaliwe.

"Hiyo jibini ya bluu ni kali sana?"

"Onja."

Akatafuna taratibu, maji yakimchuruzika kutoka kwenye turubai langu hadi shingoni. Akatazama juu.

"Kumbe kwako kunavuja hivi! Miaka yote hii, Glenys? Pole, mwenzangu."

Nikamkatia kipande kikubwa.