Mwandiko wa Rafiki Yangu

Nina miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mgane, naishi peke yangu nje kidogo ya Kahama. Mwenye ukurasa huu ameniahidi kuficha jina langu, nami nimebadilisha ya wengine. Mtanisamehe nikieleza mno, ni ugonjwa wa walimu.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, nitamwita Baba Neema. Alifika kwenye machimbo ya Mwakitolyo miaka mingi iliyopita, wakati nafundisha huko, akasema ametokea Kigoma. Hakuna aliyemchimba zaidi. Machimboni mtu haulizwi alikotoka, anaulizwa kama ana nguvu. Yeye nguvu hakuwa nazo, ila aliandika vizuri, kwa hiyo akawekwa mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Ukishuka anakuandika jina daftarini, ukitoka anakutia alama ya vema. Vijana walijiita Chuma, Komando, majina ya kutishia wenzao. Aliyakataa yote. "Nipe jina alilokupa mama yako," aliwaambia. "Siku ukifukiwa, nani atamlilia Komando?" Walicheka, wakamwita Karani.

Masika moja duara likatitia. Watu walikimbia ovyo, wakapiga kelele kwamba wote wametoka. Baba Neema alisimama kwenye tope akasoma majina, moja baada ya jingine. Mawili hayakuitikiwa. Moja lilikuwa la mwanangu wa pekee. Kwa sababu ya daftari lile watu walirudi kuchimba, na kesho yake mchana wakawatoa wote wawili wakiwa hai. Duara lilipofungwa aliniletea daftari nyumbani. "Lako, mwalimu. Mwanao yumo."

Mke wangu alipofariki, Baba Neema, ambaye wakati huo alikuwa amehamia mtaa huu, ndiye aliyekuja kila jioni kula na mimi. "Mwalimu, unatafuna kama unasahihisha," alinitania. Siku moja nikamjibu, "Na wewe unakula kama mtu anayekimbizwa." Hakucheka. Alisukuma sahani, akaaga mapema. Sikuelewa.

Mwaka huu alikamatwa. Nchi jirani inasema alikuwa kiongozi wa wilaya huko kwao, na kwamba wakati wa mauaji ya halaiki aliorodhesha familia nyumba kwa nyumba, kisha zikauawa. Nieleze kidogo hapa, maana mtaani wanachanganya. Mahakama yetu haijaulizwa kama aliua. Inasikiliza ombi la kumpeleka kwao akashtakiwe, na yeye anasema wamemfananisha, yeye ni mtu wa Kigoma. Swali lililopo sasa ni moja: ni yeye, au siye?

Wapelelezi walikuja kwangu pamoja na dada mmoja wa makamo. Alikulia kambi ya wakimbizi hapa hapa nchini, Kiswahili chake ni safi. Aliniamkia kabla ya kukaa. Akatoa nakala ya karatasi yenye majina, yamepangwa kwa namba, pembeni alama za vema. Wenye alama ndio waliouawa.

"Huyu ni baba," alisema. "Hawa kaka zangu watatu. Huyu wa mwisho ni mimi. Sina alama kwa sababu nilikuwa kisimani. Mzee, mwandiko huu unaufahamu?"

Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Mwandiko wa mtu naujua kama sauti yake. Ile saba iliyokatwa mstari kiunoni, ile vema ndefu inayopanda kulia, nilizijua kabla hajamaliza kuuliza.

Nikasema, "Siufahamu, mama."

Alinitazama kidogo, akakunja karatasi taratibu. "Haya, mzee. Tutarudi Alhamisi. Huenda ukakumbuka."

Nilimpigia mwanangu, yuko Geita, nikamweleza yote. "Baba, ulimwona akiua?" aliniuliza. Nikasema sikumwona. "Basi choma hilo daftari. Mimi napumua kwa sababu yake."

"Na yule dada, je?"

"Ukilitoa, usinipigie tena," alisema, akakata simu. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Nikaenda gerezani kumwona Baba Neema mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama somo, lakini yalinitoka mawili tu: "Nimeonyeshwa mwandiko." Aliinamisha kichwa. Nilisubiri akane, Mungu shahidi, nilitamani akane. Alipoinua uso akaniuliza, "Mwalimu, jioni unakula na nani siku hizi?" Nikainuka. Nikaondoka.

Basi ndugu zangu, hakuna mtu hapa mtaani ninayeweza kumweleza haya, ndiyo maana nawaandikia ninyi nisiowajua. Daftari bado ninalo. Nikilitoa, wataliweka kando ya karatasi ile na kesi haitakuwa na ubishi tena, nami nitabaki bila rafiki na bila mtoto. Nikilichoma, baba wa yule dada na kaka zake watabaki bila wa kuwasemea. Msiniambie nisali, nimesali. Msiniambie alikuwa mwema kwangu, hilo nalijua kuliko ninyi, na ndilo linaloninyima usingizi.

Alhamisi yule dada ataingia tena mlangoni kwangu, ataniamkia kwa heshima kama mara ya kwanza. Nikishamwitikia, wanangu, nifanye nini?