Mstari wa namba uwanjani

Sina wa kumlaumu, ujuaji ni wangu mwenyewe. Vita vilikuwa vimetumalizia chaki hapa Kamina, na mimi, mwalimu wa aljebra, nikajiona fundi. Nilichora mstari wa namba kwenye vumbi la uwanja wa shule, nikawapanga wavulana wangu juu yake, kila mmoja kwenye umri wake. Wao ndio wangekuwa grafu.

"Zaidi ya kumi na tano, tena chini ya makumi mbili!" nilipaza sauti. "Masharti yote mbili! Bale bako mu jibu, bainue mikono!"

Lori, kamyo ya askari wa kambi ya Base, likasimama barabarani. Mkubwa wao akashuka, akatazama. Mimi mjinga nikadhani somo limemvutia. Nikamweleza kwa furaha kwamba wa pembeni hawafai, jibu ni hawa wa katikati, nikawasogeza mbele awaone vizuri.

"Aksanti, mwalimu," akasema. "Weye umeisha kutuchagulia. Bapande."

"Chef, hii iko hesabu tu!"

Wakapitishwa mbele yangu, wengine mikono ingali juu.

Waliobaki hawakuitazama kamyo ikiondoka. Walisimama kwenye namba zao, wakinitazama mimi.