Manowari Niliyoipitisha Kwenye Tope

Chekeni taratibu, maana aibu hii naisimulia mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, ajira za serikali zimefungwa, nikajiajiri kuandika kisa cha manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta yetu ya Rufiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilichoninyima usingizi ni jambo dogo: sikupata popote saa ambayo meli ile iliingia mtoni. Niache wazi? Msomaji atanidharau? Nikagaagaa kitandani wiki nzima, mwisho nikajiamulia tu: mwezi mchanga, saa nne asubuhi, maji pomoni. (Sentensi tamu! Niliipenda kuliko nilivyojipenda.)

Mchapishaji mmoja wa Dar, katika wale binafsi waliochipuka na soko huria, alikuwa anausubiri mswada wangu. Kabla ya kuupeleka nikaenda Salale, humo humo deltani, kuwasomea wenye maji yao, nimevaa suruali ya mahafali. Walisikiliza vizuri hadi kwenye ile sentensi, ndipo Bi Zaituni, mama anayevua kaa mikokoni, akaangua kicheko.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Kibiti, mama."

"Nilijua. Mtu wa mikorosho, mbali na maji! Mwezi mchanga, saa nne, maji yamekwenda zake. Yanarudi alasiri."

Ningenyamaza yangeisha. Lakini msomi ananyamaza? Nikasema nimefanya utafiti, na kwa kuwa mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, twendeni na mtumbwi tukaone, nikapanda wa kwanza, mswada kifuani, maji nayaona tele kabisa, kumbe yanatoka, na ilipotimu saa nne mtumbwi ukakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia, nami kwa ubishi nikashuka kuusukuma, nikazama hadi mapajani, kiatu kimoja kikabaki huko huko (nadhani kipo mpaka leo). Mara wakatokea akina mama na vikapu vya kaa, Bi Zaituni mbele, wanatembea kwa miguu katikati ya mkondo niliopitishia manowari.

"Mwandishi, sogea," akasema, "tuipishe meli yako!"

Walicheka mpaka machozi, kisha wakanivuta kwa kamba kama gogo la mkoko.

Siku ile ile nilimwandikia mchapishaji barua asubiri, nikaikata ile sentensi yangu tamu, nikakaa Salale mwezi mzima nikifuata maji yanavyojaa na kupwa. Nikaandika: "Saa iliyoingia meli sikuipata, lakini wenyeji wanajua kwamba kama mwezi ulikuwa mchanga, isingepita saa nne asubuhi." Haing'ari kama ile ya kwanza, ila ndiyo ninayojivunia kuliko zote kitabuni, na sitaandika tena habari ya maji kabla sijamsomea anayeyavuka kwa miguu yake.