Taa za Njia ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikubali kuhamia kwetu kutoka Misungwi kwa sharti moja: tusionane uso kwa uso. Kwa Wasukuma wa umri wake, mwanamume na mama wa mkewe hukwepana. Ukisikia anakohoa, unapisha. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kule kwake alishaanguka mara mbili akienda chooni. Mke wangu alimbembeleza mwaka mzima.

"Akirudi kule atakufa peke yake," aliniambia. "Usiniharibie."

Shida ilikuwa ua. Chumba chake kilikuwa upande mmoja, choo upande wa pili, na baraza ninapokaa jioni katikati. Nyuma kulikuwa na mwamba, hakuna njia nyingine. Taa ya ukutani ingetumulika wote wawili, na giza lingemwangusha. Nikaamua kufukia taa sakafuni, zimulike miguu tu.

Zamani ukipata balbu moja ya kawaida ulishukuru. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na duka moja la mtaa wa Mirongo lilikuwa na taa hizo za aina mbili. Moja ilikuwa na kofia ya bati iliyosukuma mwanga pembeni, chini kwa chini. Ilikuwa na sura mbaya, kama kobe. Nyingine ilikuwa kioo kitupu, bapa, chenye pete ya kung'aa. Muuzaji akaniuliza nazitaka kwa kazi gani. Nikakasirika. Mimi fundi umeme, niulizwe maswali na muuza duka? Nikachukua za kioo. Ukweli ni kwamba nilitaka majirani wazione.

Jioni ya kwanza niliziwasha, nikakaa barazani kwa maringo. Mlango wa mama mkwe ukalia. Nikainamisha kichwa, lakini nilichelewa. Alipofika kwenye taa ya kwanza, mwanga ulimpanda kutoka chini hadi usoni, nikauona uso wake wote: kidevu, mdomo, macho yenye utando. Akajifunika kanga, akayumba, akashika ukuta. Sikuthubutu kwenda kumshika. Nilibaki pale nimeinamisha kichwa mpaka mke wangu alipokuja mbio.

Nikamsikia mama mkwe kupitia dirisha. "Kesho mnirudishe kwangu. Mkwe ananimulika kama mwizi!"

Mke wangu alimwomba siku moja tu. Mimi hakunigombeza. Alinitazama, basi, na hilo liliniuma zaidi.

Asubuhi nilifika dukani kabla halijafunguliwa. Mchana kutwa nilichimbua vioo na kufukia wale kobe, mzigo wa mama ukiwa umeshafungwa na kuwekwa mlangoni. Nilipomaliza, giza lilikuwa linaingia. Nikakaa barazani, mke wangu akapita uani.

"Unaona nini?"

"Miguu."

Akarudi tena, safari hii polepole. "Na sasa?"

"Miguu tu."

Akaingia chumbani kwa mama. Muda si muda mlango wa mama ukalia. Nikakaza macho sakafuni. Ikaja miguu miwili, visigino vimepasuka, kovu bichi kwenye kifundo. Ilitoka taa hadi taa, haikuyumba. Ilipofika mbele yangu ikasimama.

"Shikamoo, mama," nikaiambia sakafu.

"Marahaba. Mkwe wangu, mwambie mwenzako afungue ule mzigo."