Siku Neema Aliposikika Segese

Jamani, aibu nimezipata nyingi, nimewahi hata kuanguka na baiskeli mbele ya msafara wa harusi, lakini ile ya Segese sijawahi kuisimulia mpaka leo, na ninaisimulia kwa sababu miaka imepita na nadhani wengi waliokuwepo wameshasahau (mimi sijasahau, hata harufu ya ile jenereta naikumbuka).

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa Shinyanga mjini, nyuma ya duka la redio na kaseti la Mzee Karim, ambaye mpwa wake alimletea kompyuta kutoka nje ikiwa na programu ya kurekodi na kuhariri sauti, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa fundi redio wake akaniambia hiyo mashine nikae nayo mpaka tuelewane. Tukaelewana. Chumba tulikipigilia magodoro ukutani, dirisha tukaliziba, na mle ndani nilishinda peke yangu nikikata vikohozi vya wanakwaya, nikipunguza besi, nikiondoa muungurumo wa feni, mpaka nikawa nazijua pumzi za nusu ya mkoa, na hakuna aliyejua mimi ninakula wapi.

Sasa ikaja kwaya kutoka Segese, kule kwenye machimbo ya dhahabu, watu wachangamfu, wengine wake za wachimbaji, wengine wachimbaji wenyewe. Kulikuwa na mama mmoja mwimbaji, Mama Kulwa, fundi cherehani, mdomo haukai. Siku ya kwanza tu akanisalimia vizuri kisha akauliza, "Na wewe tukuite Baba nani?"

Ningesema naitwa Maige, basi, yangeisha. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na minane, sina mke (alikuwepo mmoja Nzega, akachoka kungoja, wala simlaumu), sina mtoto, na kule kwetu mwanamume wa umri ule akisema hana mtoto watu wanamtazama kwa huruma halafu wanahamisha mazungumzo. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa na neno neema mstari wa pili. Nikasema, "Baba Neema."

Basi ikawa Baba Neema huku, Baba Neema kule. Ana miaka mingapi? Sita. Yuko wapi? Nzega, na mama yake, wanamwuguza bibi. Uongo ukikubalika unataka kulishwa kila siku, na mimi niliulisha, na nisiwafiche, niliupenda, maana kila walipokuja waliniuliza habari za nyumbani na mimi nilikuwa na habari za kutoa. Safari ya tatu Mama Kulwa akaja na gauni la manjano alilolishona mwenyewe, akasema kama litambana atalitanua. Nikalitundika msumarini, pembeni ya spika.

Jumapili moja alasiri duka limefungwa, mji mzima uko majumbani, mimi niko chumbani na wimbo wao wa tatu uko wazi kwenye kompyuta. Kwenye programu ile kila sauti ina mstari wake: solo wake, besi wake, ngoma wake. Nikafungua mstari mpya, nikasogeza mpaka pale wimbo unapoishia, nikawasha maikrofoni, nikabana sauti nikasema, "Shikamoo baba." Halafu kwa sauti yangu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Tukaendelea hivyo mimi na mimi, mpaka machozi yakanitoka, nikapenga kamasi, nikazima maikrofoni. Kisha nikayachagua maneno ya mtoto moja moja, nikayapandisha kwa kile kifaa cha kubadili sauti, na kweli, akatoka mtoto. Nilisikiliza nikiangalia gauni, nikalia tena kidogo, halafu njaa ikanikumbusha mimi ni mtu mzima. Nikataka kuufuta ule mstari, mkono ukagoma. Nikaunyamazisha tu.

Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Shija, akaja katikati ya wiki ile akilalamika kwamba kwenye wimbo wa tatu ngoma haisikiki. Kweli, nilikuwa nimeinyamazisha wakati nasafisha sauti za besi nikasahau. Kwa haraka nikabonyeza kile kitufe cha kurudisha sauti ya mistari yote iliyonyamazishwa, nikasikia ngoma, nikaweka kaseti irekodi, na kwa kuwa nyimbo nilikuwa nimezisikiliza mara mia nikatoka kwenda kunywa chai.

Uzinduzi ulikuwa Segese, uwanjani, watu wengi kweli, jenereta ya spika inanguruma nyuma yetu. Nikakaa meza kuu, nikatambulishwa kama Baba Neema, fundi wetu, nikapigiwa makofi, nikapunga mkono. Kwaya ikawa inacheza na kuigiza kuimba huku kaseti inapiga. Wimbo wa tatu ukaisha, wamesimama mikono juu wanangoja makofi, spika zote nne zikasema, "Shikamoo baba."

Watu wakacheka kwa furaha, wakidhani ni igizo. Kijana wa mitambo naye akadhani hivyohivyo, akaongeza sauti. Mimi nilinyanyuka, lakini mitambo ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na katikati watu wamejaa. Nikajisikia spikani nikimwambia mwanangu nimempatia gauni la manjano alilomshonea Mama Kulwa. Sasa ile kazi ya kupandisha sauti sikuwa nimeimaliza, nilichoka katikati, kwa hiyo mtoto akaanza vizuri, "Mbona huji nyumbani," na akamalizia kwa sauti yangu nzito, iliyobanwa, "baba, tumekungoja." Uwanja mzima ukanigeukia. Kicheko kikapanda, kikakatika, na spika zikaendelea na mtu mzima anayepenga kamasi.

"Ngosha, hii nini?" Mwalimu Shija akaniuliza taratibu; ngosha ndivyo Wasukuma tunavyomwita mwanamume.

Nilikwenda kukaa nyuma ya lori lililowaleta wageni. Mama Kulwa akanifuata. Nilitegemea anitukane, ningefarijika, lakini alisimama tu akiwa bado na sare yake ya kwaya.

"Kwa hiyo lile gauni nilimshonea nani?"

Akatazama chini, kisha akauliza, "Sasa tukuite nani?"

"Maige," nikasema. "Maige tu."

Waliagiza kaseti nyingine isiyo na maneno yale. Jumatatu nikaufungua wimbo, nikauchagua ule mstari, nikabonyeza kufuta, na kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Ilikuwa inauliza hivyo kila siku na sikuwahi kuijali. Nilikaa nayo pale mpaka Mzee Karim akagonga kuuliza kama umeme umekatika. Nikabonyeza ndiyo.

Tangu hapo sinyamazishi kitu nisichokitaka, nafuta palepale, na kaseti haitoki mkononi mwangu sijaisikiliza mpaka mwisho. Na mtu akiniuliza Baba nani, namwambia ukweli, halafu namwacha ahamishe mazungumzo.

Gauni lilikaa msumarini mpaka Mzee Karim alipouza ile mashine. Siku hiyo nililikunja nikaondoka nalo.