Printa Iliyomaliza Bluu

Vita vya pili vya Kongo vilipotulia, mimi na dada yangu mkubwa tulirudi Rwanda kutoka Bukavu, kila mmoja na printa yake ya picha. Wenzetu walivuka daraja na magodoro na masufuria. Tulipanga chumba kimoja Kamembe, meza yake upande huu na yangu upande ule. Kazi haikukosekana. Vita vilikuwa vimewapotezea watu karatasi zote, na amani, tuligundua, haimtambui mtu asiye na picha ndogo nne.

Printa ya dada ilikuwa nzito, ya mitumba, na kila rangi ilikaa katika kikopo chake. Yangu ilikuwa mpya, na kwa bei niliyoipata nilimwonea huruma aliyeniuzia. Ndani yake rangi zote tatu ziliishi katika kartushi moja kama wake wenza: mmoja akiishiwa, wote wanafukuzwa.

"Petit," dada aliniambia, kama alivyozoea kuniita mimi mdogo wake, "walikupa mbuzi ya bure, lakini majani utanunulaka kwao."

"Na yako? Inakunywa kwa vikombe sita!"

Ubishi huo tuliula asubuhi kama kiamsha kinywa. Umeme nao ulitusaidia kubishana. Bwawa la Mururu, hapo chini tu, lilipeleka umeme hadi nchi za jirani; kwetu ulikuja kama mgeni asiyevua viatu. Kila uliporudi, printa zote mbili ziliamka zikikoroma na kujisafisha midomo kwa wino. Wino tulioununua kwa ajili ya nyuso za watu uliishia katika sponji tumboni mwa mashine. Katika chumba kile hakuna aliyekuwa msafi kama zile printa.

Mwishowe tuliamua kupimana. Tungetia wino mpya pande zote, tuchape picha moja ileile, tuone nani ataishiwa kwanza. Kilichokosekana ni picha.

Ililetwa na mama mmoja wa Mururu, aliyekulia Kongo kama sisi. Alifungua pindo la kitenge akatoa picha ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyopasuka pembeni. Kijana mwenye kola pana alitutazama kama anayedai kitu.

"Huyu njo bwana yangu," alisema. "Alibakia mu pori, kule Kongo, wakati wa kukimbia. Hatukumuzika. Sasa tunamuombea misa. Munitolee ya mukubwa, moja kwa kila mutoto, na moja yangu."

"Bako wengi, maman?" dada aliuliza.

"Mungu alinipa."

Nilifurahi moyoni. Picha nyeusi na nyeupe! Rangi zangu zingepumzika, nyeusi, iliyokuwa na kartushi yake, ifanye kazi peke yake. Kumbe printa za picha hazijui unyenyekevu huo. Ili kupata kijivu laini huchanganya rangi zote, na marehemu yule, ambaye labda hakuwahi kumiliki shati la rangi, alikunywa bluu kuliko harusi nzima.

Picha zangu za mwanzo zilitoka vizuri. Kisha bluu ikaisha, na bwana yule akatoka mwekundu kama tofali lililochomwa. Dada alicheka mpaka akashika meza. Hakumaliza kucheka, taa ya printa yake ikawaka: bluu. Yeye alibadilisha kikopo kimoja, akaendelea. Mimi nilitupa kartushi nzima, njano na nyekundu bado zikicheza ndani.

"Sasa tunajua," alisema.

Mama aliporudi, picha za watoto zilikuwa tayari, za kijivu, za heshima. Ile nyekundu niliisahau juu ya meza. Aliiona kabla sijaificha.

"Samahani, maman, hiyo imeharibika."

Aliinyanyua, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Mabega yalianza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Siku ya soko, akishakunywa kasiksi ya ndizi, alikuwaka hivi! Hivi hivi! Nipe hii."

Halafu akalia kweli. Dada akamvutia kiti, nami nikaifunga ile nyekundu pamoja na za watoto.

Baada ya misa, majirani zake walianza kupanda kuja kwetu, kila mmoja na picha yake ndogo. Walitaka wafu wao "bekundu, kama ule wa Mururu." Lakini nilikuwa nimekwisha kuvuka hadi Bukavu na kurudi na kartushi mpya, na printa yangu ilitoa kijivu kisicho na kosa. Walizitazama picha, wakashukuru kwa adabu ya watu waliopunjwa. Dada alijaribu kuwasaidia, akachomoa kikopo chake cha bluu. Printa yake ikawasha taa, ikagoma kabisa.

"Ngojeni," niliwaambia, nikatia karatasi nyingine. "Bluu itaisha tu."